Maji ya Gazetini

Goba, Alhamisi

Na bado ananishukuru! Bi Zuhura, mama mwenye nyumba wangu, leo kamrudisha mwenye boza la maji pale getini. "Nenda zako, baba. Mwanangu kaandika gazetini maji yamefika Goba." Pipa la Bi Zuhura likabaki tupu, na bomba letu linakoroma hewa tu.

Mie niliandika kwamba mradi umezinduliwa ila maji hayatoki. Mhariri akakata hiyo nusu ya pili. "Usituletee ishu, sista. Umezinduliwa, haujazinduliwa?" Umezinduliwa. Basi, gazeti halijaongopa.

Jioni nilimpelekea Bi Zuhura ndoo yangu ya mwisho, nikamweleza yote, nikangoja anifokee. Hakufoka. Alisema tu pole, kazi zenu ngumu. Afadhali angenifokea.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Mwanangu, na ile habari kwamba zahanati yetu imejaa dawa? Maana mjukuu anachemka tangu jana, nasema kesho nimpeleke hapo hapo, nisihangaike kwenda mbali."

Ile nayo niliandika mie.