Boma la Chacha Halikulaza Ng'ombe

Baba Bhoke,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni wangu. Ulipofariki nilikuwa bado naweka dole gumba. Sasa nimemaliza kisomo cha watu wazima, na mwalimu wangu alikuwa mwanao Bhoke, ambaye hana huruma hata kidogo. Mstari mmoja unanichukua muda wa kupalilia tuta zima, kwa hiyo nivumilie.

Nimechoka, mume wangu. Nimeona nianze na hilo.

Mugumu imekua. Tangu watu waletwe kukaa pamoja kwenye vijiji, nyumba zimefika hadi josho la zamani la kuogeshea ng'ombe, lile ulilolitunza, njia ya kwenda Manchira. Wameniweka kwenye kamati ya viwanja, mwanamke peke yangu, nadhani walitaka mtu wa kuchemsha chai. Bwana ardhi alikuja na ramani yake akatuambia tupange maeneo gani yaanze kujengwa na yapi yasubiri. La kwanza wajumbe walilitaja kwa sauti moja, na kwa jina lako: Boma la Chacha. Shule ijengwe pale, na nyuma yake bustani ya mchicha na mahindi ya uji wa watoto. Wameuona ule mduara wa minyaa, na kila mtu huku anajua walipolala ng'ombe panaota chochote.

Wewe na mimi tunajua kuwa pale hakulala ng'ombe hata mmoja. Lakini nilinyamaza. Nilichemsha chai, nikawamiminia.

Usiku sikuwa na usingizi, mchana sikuwa na nguvu. Nilikuwa nakumbuka mwaka ule ulipoambiwa utoe tope la dawa ya kupe chini ya josho ulipeleke mbali, kwenye mashimo ya mawe. Mkokoteni ulikuwa umevunjika, na mgongo wako ulikuwa unakuuma. Ukachimba shimo papo hapo, ukalimwaga, ukafukia juu juu. Mvua ikanyesha, maji yakatuama, ndama wa jirani yetu Wambura wakanywa. Wakafa wote, na Wambura akalia mbele za watu, mtu mzima yule. Watu wakasema kimeta. Nawe ukasema kimeta.

Kesho yake tulikata minyaa pamoja na kuipanda kuzunguka lile shimo. Utomvu ukaniingia jichoni, wewe ukaniosha kwa maziwa. Ukasema, "Tutawaambia nilitaka boma la ndama." Nililia mpaka jua likazama, na kila mara ukawa unaniuliza, "Jicho bado?"

Wambura alihamia Natta na ng'ombe waliobaki. Operesheni ya vijiji ikamrudisha, na sasa ni mjumbe mwenzangu. Anakaa mkabala nami, anapenda chai yenye majani mengi.

Ningeendelea kunyamaza, sitakudanganya. Ila mjukuu wako, ambaye hukumwona, siku moja alikuja na mchicha mkononi. Nikamuuliza ameuchuma wapi. Akanyoosha kidole kwenye minyaa. Niliutupa chooni, nikamsugua mikono mpaka akapiga kelele, na mkutano uliofuata sikuchemsha chai. Nilisimama.

Nilisema yote, Baba Bhoke. Nilitaja josho, nikataja tope, nikataja jina lako. Nilisema bado kuna sumu pale chini. Wambura aliuliza, "Kwa hiyo haikuwa kimeta?" Nikamwambia haikuwa. Akasema, "Si angeniambia tu huyu mura mwenzangu? Ningemtukana, tungegombana, mwishowe tungekunywa pamoja." Akavuta kofia yake usoni.

Ni hilo tu alilolitaka! Miaka yote ile kabla hajahama tulikuwa tunazunguka njia ya nyuma kumkwepa. Hata alipotoka Natta kuja kukuzika, sikuweza kumtazama. Siku ile ya mkutano nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kukukasirikia ukiwa hai.

Nilidhani bwana ardhi atalifuta eneo lile kwenye orodha. Hakulifuta. "Libaki namba moja," alisema. Kwa kuwa limeharibika, ndilo lishughulikiwe kwanza. Wataalamu waje, tope lifukuliwe likazikwe panapostahili, kisha pafunikwe kwa mawe na saruji na pajengwe ghala la pamba. Pamba hailiwi na mtu. Na udongo mzuri uachiwe jembe.

Sasa shule ijengwe wapi? Uwanja wa tambarare uliobaki karibu na mji ulikuwa mmoja, na kila mtu aliujua, ila nani angemwambia mjane? Nikasema mwenyewe. Nikasema, kwangu.

Kwa hiyo shamba la juu limekwenda. Nimebaki na lile la chini ulilokuwa unalitania kuwa tunavuna mawe, na kweli, nayavuna. Kuta za shule zimefika madirishani. Kaburi lako hawakuligusa, liko pembeni mwa uwanja wa kuchezea. Watoto wanalikalia. Mwanzoni nilikuwa nawafukuza, sasa sina tena sauti ya kuwafukuza.

Nakuahidi jambo moja, na hutalipenda. Kila mwaka wakiingia watoto wapya wa darasa la kwanza, nitawapeleka hadi kwenye ghala. Nitawaambia kuwa aliyemwaga sumu hapo alikuwa mume wangu Chacha, kwamba mgongo ulimuuma, na kwamba aliogopa. Kisha nitawarudisha shuleni, na wakifika kwenye kaburi lako nitawaambia kuwa shamba wanalosomea nalo lilikuwa lake.

Lala salama, Baba Bhoke. Na lile jicho usiniulize tena. Lilipona asubuhi ile ile, kabla hatujamaliza kupanda. Nilikuwa namlilia Wambura.

Mimi,
Mama Bhoke