Memori Mpya na Sauti ya Babu Yako

Akello mjukuu wangu,

Hujambo huko Nairobi? Sisi hapa Luzira tu wazima. Mama yako amepona mafua, na kuku wake wameanza kutaga.

Umeniuliza, ukiongeza memori kwenye kompyuta yako kuukuu, picha zako zitapotea? Jambo hilo liliwahi kunichanganya nilipokuwa mjane kijana. Kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa na wimbo ambao babu yako aliuimba kabla ya kupelekwa vitani, lakini ilizeeka, ikawa inaganda kila nikiufungua. Nikaipeleka kwa fundi mmoja kule mtaa wa Wandegeya. Alipochomoa memori ya zamani nikamshika mkono.

“Rudisha! Mume wangu yumo humo!”

“Hayumo, mama. Hii ukizima umeme inasahau yote. Wimbo uko kwenye diski.”

“Sasa mbona mnaiita memori?”

Akacheka tu, akachomeka mpya. Mpaka leo sijaelewa vizuri. Wewe ongeza, usiogope.

Nilipoiwasha nyumbani, babu yako aliimba mpaka mwisho. Mama yako, ambaye hakuwahi kumwona, akaniuliza, “Nani huyo anaimba?”

Nikamwambia, “Baba yako.”

Nakukumbatia,
Bibi yako