Maji ya Sinki ya Abdow na Nguruwe wa Musyoka

MAELEZO YA SHAHIDI

Mimi ni Kisilu Ndolo, umri miaka arobaini na sita, mkaaji wa Kwa Vonza, nyuma ya soko la mbuzi. Kazi yangu ni kubeba takataka kwa mkokoteni wa punda. Shule niliachia darasa la nne, afisa anaweza kuandika hivyo, lakini aandike pia kwamba nimeishi Mombasa na Nairobi, na majiko ya Wazungu yananijua kwa jina.

Mnamo Jumamosi tarehe 15 Septemba 1984, asubuhi, niliitwa na Abdow, Msomali mwenye hoteli iliyo karibu na posho mill, kinu cha unga. Aliniambia, "Warya Kisilu, Jumatatu bwana afya anakuja kukagua. Ondoa hii takataka yote ya nyuma, halafu uangalie sinki. Imekataa kumeza." Nilitoa viti vilivyovunjika, jiko la makaa lililotoboka, springi za kitanda na mabati yaliyooza. Punda mmoja aligoma, nikavuta mimi upande wake.

Hiyo sinki ni ya pekee hapa Kwa Vonza. Bomba lake haliendi mbali, linaishia kwa ndoo iliyo chini yake. Ilikuwa imezibwa na mafuta ya mbuzi na wali. Nilimwambia mpishi, Syombua, kwamba Nairobi mimi nilikuwa natunza sinki yenye mashine chini yake ya kusaga makombo. Mashine inasaga mifupa ya kuku, maganda, kila kitu. Unaimwagia maji baridi, unaitilia barafu na ganda la ndimu, meno yake yanabaki safi. Syombua akasema, "Na makombo yote ikisagwa, Baba Nthenya, nguruwe wa huko walikula nini?" Nilimwambia abandike maji moto.

Nilienda dukani nikanunua kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, nikaitia kwa sinki na maji moto. Ilichemka, sinki ikameza. Ndoo ilijaa. Nilimwambia Syombua, "Hii maji usiiguse na mkono. Mwaga mbali, kwa shimo." Akasema, "Sawa." Nikaenda, kwa sababu punda walikuwa juani.

Afisa ameuliza habari ya makombo. Makombo ya hoteli nayapeleka mimi kwa Musyoka, mfugaji wa nguruwe, ng'ambo ya mto. Abdow anajua. Neno lake ni moja tu: pipa la nguruwe lisivuke mlango wa jikoni. Kwa hivyo pipa hukaa nje kwa ua, na Syombua hubeba makombo mpaka hapo.

Ni kweli wiki iliyotangulia nguruwe mmoja wa Musyoka aliingia hotelini watu wakila. Abdow alimfokea Musyoka, "Siku nyingine hatoki hapa akiwa hai!" Musyoka akamjibu, "Mguse uone." Nilikuwepo. Nilicheka. Sasa sicheki.

Mnamo Jumapili tarehe 16, baada ya kanisa, nilichukua pipa. Lilikuwa na harufu ya sabuni. Nilifikiri Syombua ameliosha, hata nikamsifu njiani, mimi na punda. Nilimwaga yote kwa hori la Musyoka na sikukaa.

Jumatatu nilisikia sokoni kwamba nguruwe wanne wa Musyoka wamekufa midomo imeungua, na Abdow ameshikwa. Watu walikuwa wanasema ni mambo ya dini, na vijana fulani wanaokota mawe. Bwana afya alikuta hoteli imefungwa.

Sikuweza kuketi. Nilienda mpaka jikoni nikampata Syombua amejifungia. Nilimwuliza, "Ile maji ya ndoo ulimwaga wapi?" Akaanza kulia. Akasema, "Baba Nthenya, ndoo nzima! Mto umekauka. Mimi naamka usiku kufuata maji, na wewe unaniambia nimwage kwa shimo? Nilingoja ikatulia, juu ikawa safi, nikatia kwa pipa. Nilisema angalau mnyama anywe."

Afisa, wewe pia ni wa huku. Mwaka huu nani amemwaga maji? Ningemwaga mimi, mama yangu angefufuka kunikaripia. Nilimwambia asiiguse, sikumwambia inaua. Huko nilikotembea maji yanatoka ukutani, unafungua tu, na mimi nilizungumza kama mtu wa huko.

Syombua alitaka kukimbilia kwa mama yake, kule Kathonzweni. Nilimwambia ukikimbia, Abdow atalala selo kwa neno alilolitamka kwa hasira. Leo Jumanne tarehe 18 tumekuja pamoja. Yuko nje kwa benchi, na kila nikisikia viatu nafikiri ameenda. Afisa ameniambia mara mbili nitulie kwa kiti. Nimetulia.

Abdow hakugusa ndoo, hakugusa pipa. Syombua ana watoto watatu na hakutaka kuua kitu. Kama ni lazima mtu afungwe, dawa niliinunua mimi na pipa nililibeba mimi. Punda watalishwa na Nthenya, binti yangu.

Nimesema nilichoona kwa macho na nilichobeba kwa mkokoteni, hakuna cha kuongeza. Nimesomewa, ni sawa, isipokuwa pale nilipojisifu, na hapo pia paachwe.

(Sahihi) Kisilu Ndolo

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, Konstebo Kiilu, Kwa Vonza, 18/9/84. Shahidi akiwa anatia sahihi, Syombua aliingia bila kuitwa akasema ni yeye aliyetia maji kwa pipa, shahidi asijibebeshe. Mshukiwa Abdow, aliyekuwa akisikia kutoka selo, alisema jikoni ni mwake na hatatoka ikiwa mpishi wake ataingia. Nilifungua selo. Hakutoka. Mlalamishi Musyoka, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu katikati ya maelezo haya, alisema kesi ya watu watatu wanaogombania selo moja yeye haiwezi. Amevuta benchi mpaka mlango wa selo na kuketi hapo nao. Nimewaacha wazungumze.