Wageni wa Magoti ya Anti Njeri

Wambui dadangu,

Huku Endebess ukungu wa Elgon umeshuka mpaka kwa mahindi. Ng'ombe unamsikia kabla hujamwona. Tukipalilia, Anti Njeri aliniuliza mbona magoti yake huacha kuuma akishalima sana. Nami, si unajua mimi ndiye mwanafunzi wa dawa, nikamwambia mwili hujitengenezea kitu kinachofanana na cha bangi, ubongo una milango ya kukipokea, halafu kuna kingine cha kukifagia kisikae. Kwenye bangi pia kuna kemikali iitwayo CBD, isiyolevya. Yenyewe haifungui milango hiyo, ila huenda humchelewesha mfagiaji.

Anti ni mama wa kanisa, nilijua atanikemea kwa kutaja bangi. Akanong'ona tu, "Kumbe wako wawili humu ndani. Na hawapigi hodi?"

Tangu siku hiyo jembe lake likinyamaza ghafla, namsikia ndani ya ukungu akisema, "Karibu," polepole, kama kwa mgeni anayemjua.

Nilimcheka sana. Lakini leo mchana mgongo wangu uliacha kuuma, na kabla sijafikiri, mdomo ulishasema karibu.

Nimewamiss. Msalimie Mama, lakini usimwambie nimeanza kukaribisha.

Kakako, Kamau