Mbio za Nesitu

Nyagach rafiki yangu, Opio amekufa! Yule Mganda aliyemshinda kaka yangu Jok msimu mzima wa mbio za baiskeli.

Leo walikuwa wawili mbele, wakirudi kutoka kijiji cha Nesitu. Lori likampiga Opio kikumbo, akaanguka na baiskeli yake. Akaita, "Jok, ngoja mimi!"

Jok alimsikia. Ameninong'oneza mimi tu. Alimsikia, na akazidi kukanyaga pedali. Wallahi hakusimama!

Hapa soko la Custom, mbio zinapoishia, tukampokea mshindi kwa vigelegele. Kisha pikapu ikaleta maiti. Damu ilimwishia palepale barabarani.

Namukasa, mkewe Opio, akamshika Jok mkono. "Wewe ndiyo ulikuwa na yeye mwisho. Alisema nini?"

Jok akainama kupangusa vumbi kwenye baiskeli yake.

"Jok, alisema nini?"

Nyagach, Jok akamjibu, "Hakusema kitu."