Mkalimani wa Bwana Fimbo

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Nimefungua ofisi ya bandari, nimepanga hati za mizigo, nimekunywa chai. Akaingia Bwana Fimbo, meneja wa shamba la mkonge kule Mwera. Fimbo ndilo jina tulilompa kwenye kambi ya vibarua wake, nilikokulia. Anagombea kiti cha Wazungu katika Baraza la Kutunga Sheria, anatafuta mkalimani wa mikutano. Hakunitambua. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Jumatano, 6 Agosti
Namchukia. Nayaandika haya ili nisijidanganye. Baba alipokufa kwa homa, Bwana Fimbo aliamuru tuhame chumba chetu siku ile ile. Masufuria nje, mvua inanyesha, hata matanga hatujaanua. Mama alimwomba. Akampita kama kisiki.

Sasa serikali ya Wazungu imebadili katiba. Kila mpiga kura lazima achague watatu: Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Ukimwacha mmoja, kura yako imeharibika. Hatukuulizwa. Ila sasa Bwana Fimbo anatuhitaji.

Jumapili, 10 Agosti
Nyumbani kwake mjini, Raskazone, mtaa wa Wazungu. Yeye kwenye kiti, mimi nimesimama. Kaniagiza niyalainishe maneno yake. Nimeitika ndiyo bwana. Mdomo wangu ulikuwa mchungu mpaka nafika kwangu Mabawa.

Jumamosi, 16 Agosti
Mkutano. Uwanja umejaa. Nusu saa nzima nilimtafsiria vizuri, maneno matamu. Nilikuwa namngoja ateleze.

Mzee Salimu, mshona viatu, akasimama. "Kwa nini katiba inatulazimisha kuchagua Mzungu?"

Bwana Fimbo akacheka, akanijibu kwa Kiingereza. Nikawageukia watu, nikapaza sauti:

"Anasema, mkiachiwa wenyewe mtachagua mjinga mwenzenu. Na anasema, hilo msiambiwe."

Kelele zikazuka. Bwana Fimbo akaniuliza nimesema nini. Nikamjibu: "Ulichosema wewe, bwana. Chote." Nikamtajia jina la baba. Akakunja uso, akilitafuta kichwani. Hakulikumbuka. Laiti angelikumbuka!

Jumatatu, 18 Agosti
Nimefukuzwa kazi bandarini. Simu ilipigwa kutoka Raskazone, nadhani. Sijutii hata kidogo. Natamani ningelisema mara mbili.

Jumamosi, 13 Septemba
Ameshindwa vibaya. Kiti cha Wazungu kimechukuliwa na Mzungu aliyeungwa mkono na chama chetu cha kudai uhuru. Wanasema Bwana Fimbo amejifungia, hapokei wageni. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumapili, 14 Septemba
Nimemsimulia mama yote. Nilidhani atapiga vigelegele. Aliendelea kuchambua mchicha.

Kisha akauliza yeye atapiga kura lini.

Nikamweleza masharti. Usome mpaka darasa fulani, au uwe na kipato fulani. Yeye hana. Akauliza nani kaandika hivyo. Nikasema ni sheria, imo katika katiba yao. Akauliza inaweza kubadilishwa tena.

Nimesema inaweza.

"Haya, basi kazi bado," akasema, akanisogezea bakuli. Tukachambua mchicha mpaka ukaisha.