Wote Walinyoosha Mikono

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimeshakwisha. Mimi mwili hauna neno. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nimeogopa kupiga, dada. Wewe umenibeba mgongoni. Ukinisikia sauti tu utaniuliza nina nini, nami nitaanza kuzungukazunguka na kuyatia maneno sukari, na mpaka tunaagana nitakuwa sijasema kitu.

Hapa kiwandani magodoro yanatoka. Ile mashine mpya iliyotuletea balaa inakata sponji na kushona kitambaa kwa mpigo mmoja, na kelele zake zinafika hadi ofisini kwangu. Kabla haijaja tulikuwa na wasimamizi wawili, shemeji, mumeo, upande wa kukata na yule tunayemwita Mpole upande wa kushona. Mafundi walipoifunga akahitajika msimamizi mmoja tu. Tajiri alinipigia akasema meneja ni mimi, nichague, yeye ataridhia. Nami kama kawaida yangu nikamjibu kwamba nitalipeleka kwenye kikao. Si unajua wafanyakazi wananiita Tukubaliane? Hata rangi ya mapazia ya ofisi niliipeleka kikaoni, tukabishana mpaka chai ikapoa.

Wewe nilikwambia kwamba tulikaa, tukajadili kwa kirefu, na shemeji akashindwa. Uliponibana nikakwambia aliyeshikilia sana kwamba aondoke ni Mama Mauzo, mkuu wetu wa mauzo, rafiki yako wa siku nyingi. Tangu hapo, nasikia, humwitikii salamu.

Jana mchana Mama Mauzo aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akakaa bila kukaribishwa. Akasema mmepishana mlangoni pa duka la dawa, akakusalimu, ukageuza uso. Hakulalamika. Alisema tu kwamba jambo lile lilimkaa rohoni, kwa hiyo akaenda kumuuliza mhasibu, mwenzake wa kikaoni, kwa nini alitaka shemeji aondoke. Mhasibu akashangaa. Akasema hakutaka hata kidogo, ila aliambiwa kwamba Mama Mauzo na mtu wa stoo wameshakubaliana, akaona abishe nini. Wakamfuata mtu wa stoo. Naye akasema alidhani amebaki peke yake, akaona haya kuwachelewesha wenzake. Sisi tuna sheria kwamba ya kikaoni hayazungumzwi nje, ndiyo maana siku zote hizi hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mama Mauzo alipomaliza akanitazama, akauliza, "Sasa bosi, ni nani hasa aliyetaka aondoke?"

Nikashika kalamu, nikaiweka, nikaishika tena. Jibu nilikuwa nalo, dada. Ni mimi.

Ngoja niseme yote, maana nikipumzika hapa nitaichana karatasi. Moyoni nilijua anayefaa ni shemeji. Vijana wanamsikiliza bila kufokewa, na wakati Mpole anaikwepa mashine, yeye alikuwa ameshavua shati la kazi na kuingia chini yake kusaidia mafundi. Lakini niliogopa midomo ya watu. Niliogopa kusikia kwenye foleni ya chai kwamba meneja amempa shemeji yake ulaji. Nikaona bora aondoke yeye kuliko mimi kusemwa. Na hilo pia sikutaka lionekane limetoka kwangu, kwa hiyo nikalitafutia wa kulibeba.

Nilianza kwa mhasibu. Niliegemea meza yake nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba wenzake wanaona Mpole ndiye abaki, je, yeye anasemaje? Akasema kama wote wameona hivyo, basi. Nikaenda kwa mtu wa stoo nikamwambia mhasibu ameshakubali, na Mama Mauzo pia, ingawa Mama Mauzo nilikuwa sijamfikia hata mlangoni. Nilipofika kwake nilikuwa na watu wawili mkononi, na safari hiyo sikuhitaji kusema uongo. Alinikatalia kwanza. Akauliza maswali ambayo sikuyajibu. Mwisho akasema hataki kuonekana anamtetea mume wa rafiki yake.

Kikaoni nikatangaza kwamba mimi sitapiga kura kwa kuwa anayejadiliwa ni ndugu yangu. Walinisifu, dada. Mhasibu alisema viongozi wa namna hii ni wachache, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nikaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Wote walinyoosha. Hakukuwa na mjadala wowote wa kirefu kama nilivyokudanganya. Vikombe vilikuwa bado vinatoa moshi tulipoinuka.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo linaloninyima raha. Siku shemeji alipokuja kukabidhi funguo za kabati lake nilijiandaa kwa lawama. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Najua ulinipigania, shemeji. Usijilaumu."

Nami nikamjibu, "Nilijitahidi."

Nilisema hivyo huku namtazama machoni. Naona aibu hata kuliandika.

Jumatatu nimeitisha kikao. Nitawaambia wote, na Mpole nitamwita asikie, maana naye amekalishwa kwenye kiti asichojua kilivyopatikana. Sijui wataamua nini juu ya shemeji, wala juu yangu. Safari hii sitampitia mtu mezani kwake. Mama Mauzo nimeshamwambia kwamba ni mimi, nikamwomba aje kwako anitangulizie maneno, akakataa, akasema dada ni wangu na mdomo ninao. Nakusihi umwendee. Hana kosa lolote, na amenyamaza kwa ajili ya sheria yetu ilhali wewe ulikuwa unamnunia.

Shemeji msomee barua hii yote, wala usimpunguzie kitu. Juzi aliniambia kwamba kwenye maombi yake ya kazi ameniandika mimi kuwa mtu wa kuulizwa habari zake, kwa sababu ndiye pekee niliyesimama naye. Niliitikia. Mwambie asipeleke bahasha nyingine mpaka asikie haya, na akitaka kulifuta jina langu, alifute.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na mkubwa mwambie mjomba wake anamkumbuka. Siombi unisamehe upesi. Ukitaka kunipigia unifokee, piga. Nitapokea, na nikikujibu sitatanguliza jina la mtu mwingine.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeamua.